Fedha ya Karafuu na Ramani za Karagwe

Wanachama wenzangu,

Katika mkutano wa kamati uliopita liliingia ombi moja lililozua mabishano makubwa, hata adhana ya alasiri ikatukuta tungali tumekaa na chai imepoa vikombeni. Kamati haikuweza kukata shauri, ikaamua jambo hilo lipelekwe mbele ya mkutano mkuu. Kabla ya siku hiyo kufika nimeona yafaa nitoe rai yangu katika karatasi yetu hii, ili kila mmoja apate kupima nyumbani kwake. Nasema rai yangu mimi, si rai ya kamati. Atakayeona nimepotoka na aniandikie, nami nitaichapa barua yake katika toleo lijalo bila ya kupunguza neno.

Ombi ni la binti wa mwanachama mwenzetu mmoja. Wengi wenu mlimwona utotoni akichambua makonyo barazani pamoja na bibi yake. Binti huyo amemaliza shahada ya kwanza ya upimaji, na sasa amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili katika sayansi ya taarifa za kijiografia. Jina hilo refu lisiwatishe. Maana yake ni elimu ya kujua kila kitu kiko wapi juu ya ardhi, kukiandika mahali pake kwa hesabu, na kukisoma katika picha zinazopigwa kutoka angani. Ada ya chuo amekwisha pata wa kumlipia. Anachokosa ni gharama ya utafiti: nauli, malazi, na ujira wa vijana wa kumsaidia mashambani. Anaomba chama chetu kimpe shilingi milioni mbili na nusu.

Sasa mashaka ni mawili. La kwanza, fedha hiyo ndiyo tuliyoiweka kwa ajili ya kuezeka upya ghala yetu, nanyi mwajua hali ya bati zile. La pili, utafiti wake hauanzii hapa kisiwani. Unaanzia Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kwa wakulima wa kahawa. Mzee wetu mmoja wa kamati aliuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo moyoni: Kwa nini fedha ya karafuu ikapime kahawa ya watu wa bara, na huku karafuu zetu zinanyeshewa ghalani?

Swali hilo ni la haki, na kulipuuza ni kumvunjia mzee heshima. Nitalijibu kwa kadiri ya uwezo wangu.

Kwanza tujue Karagwe ni wapi. Ni nchi ya vilima iliyo pembeni kabisa ya Tanzania, kaskazini-magharibi, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, ambako mto Kagera unatenga mpaka wetu na Rwanda na Uganda. Zamani Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja. Zilitenganishwa mwaka 2012. Watu wake wengi ni Wanyambo. Wala tusidhani kwamba sisi wa visiwani tu wageni wa huko. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani yetu ilifika hadi Karagwe, na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao mahali paitwapo Kafuro. Mwingereza Speke alipofika kwa mfalme Rumanika mwaka 1861, aliikuta njia imekwisha kanyagwa na watu wa pwani.

Mimi mwenyewe nilifika huko mwaka jana, kwa nauli yangu, nilipokwenda kumtazama shemeji yangu anayesomesha skuli Kayanga. Nilivuka bahari hadi Dar es Salaam, nikapanda basi hadi Bukoba, na kutoka huko nikapita Kyaka na kupanda milimani. Nilistaajabu kuona jinsi maisha ya mkulima wa kule yanavyofanana na yetu. Shamba lake, ambalo huliita kibanja, ni migomba iliyozunguka nyumba, na chini ya migomba ndiko ilikopandwa mibuni, na baina yake maharage, na huku na huku miti mikubwa ya kivuli. Ni kama shamba la Pemba ambamo mkarafuu unasimama pamoja na mnazi, mwembe na mshelisheli, na chini yake muhogo.

Shida zao pia ni ndugu wa shida zetu. Huko kuna mtindo uitwao butura, ambao mkulima mwenye dhiki huuza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa. Ni nani miongoni mwetu asiyejua habari ya kukodisha mikarafuu kabla ya msimu kwa sababu ya harusi au maradhi? Huko kuna magendo ya kahawa kuvushwa kwenda Uganda. Nasi twayajua majahazi ya usiku. Kina chama kikuu chao, KDCU, kinachokusanya kahawa ya vyama vya msingi vya wilaya zote mbili, na mabishano niliyoyasikia katika mkutano wa chama kimoja cha msingi yalikuwa yale yale ya kwetu: mizani, malipo na ghala.

Lakini lipo jambo moja ambalo wao limewafikia kabla yetu. Mwaka 2023 nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga sheria ya kukataa bidhaa zilizotoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Bidhaa zenyewe ni saba: ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao. Kahawa imo. Kwa hiyo mwenye kuingiza kahawa Ulaya atatakiwa aoneshe kila shamba ilimotoka, kwa namba za mahali lilipo duniani. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kuoneshwa kwa nukta moja, na lililozidi hapo lazima lichorwe mpaka wake wote. Kuanza kwa sheria hiyo kumeahirishwa mara mbili, mwaka 2024 na tena mwaka 2025, na sasa makampuni makubwa yamepewa hadi tarehe 30 Desemba 2026. Hata hivyo aliyeahirishiwa hakusamehewa.

Basi nikawaona vijana wa Kyerwa wakizunguka vibanja na simu mikononi, wakiandika namba. Nikamwona mzee mmoja akiwafuata nyuma kwa fimbo yake, akiwaonesha mti wa mpaka aliooneshwa na marehemu baba yake. Nilimuuliza kama anajua kazi ile ni ya nini. Akanijibu kwamba ameambiwa ni kwa ajili ya Wazungu, lakini yeye anataka tu kujua kama karatasi ile itamwachia mwanawe shamba au itamwondolea. Jibu hilo nimerudi nalo kisiwani, wala halijanitoka.

Sasa nieleze kwa nini kazi hiyo inahitaji mtu aliyesoma sana, wala haitoshi simu ya kijana.

Wapo wanachama waliosema: Simu yoyote siku hizi inakuonesha ulipo, masta ya nini? Nami nilikuwa mmoja wao. Nitawaelezeni yaliyonifika, na aibu yake ni yangu peke yangu. Niliporudi kutoka Karagwe nilitaka nami tuwe na daftari la mashamba, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Nikachukua simu yangu, nikapita kwa wanachama arobaini, nikaandika namba za kila shamba katika kitabu, kisha nikampa kijana mmoja azitie katika kompyuta. Siku tuliyofungua ramani hatukuona shamba hata moja Pemba. Mashamba yote arobaini yalikuwa Ethiopia! Sababu yake ilikuwa kitu kidogo sana. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, karibu digrii 5, na namba za kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Nilipokuwa nanakili niliziacha alama zile, nikidhani ni vistari tu vya kupambia. Kwa kosa kama hilo kahawa ya Kayanga nayo huhamia Uganda, upande wa Ziwa Albert: magendo ya kalamu, bila ya gari wala mpagazi. Na mtu akigeuza mpangilio, akatanguliza namba ya mashariki badala ya ile ya kusini, shamba hilo hilo la Kayanga huangukia jangwani Algeria, mahali ambapo hapajapata kuota mbuni.

Kosa hilo lilichekesha, likarekebishwa. La pili halikuchekesha. Baada ya kuzirudisha alama mahali pake, nilichora mpaka baina ya ndugu wawili, wanachama wetu, ambao shamba lao waliligawana kwa mirathi miaka mingi iliyopita bila ya ugomvi. Mstari wangu ukaweka mikarafuu mitatu ya mkubwa upande wa mdogo. Mdogo akaiona ramani, akasema kumbe siku zote amekuwa akidhulumiwa. Maneno yakapanda, na kwa muda wa mwezi mzima ndugu wale hawakupeana salamu. Ilibidi waitwe wazee, wakafuata mpaka kwa miguu, wakaonesha kisiki cha mfenesi wa zamani, ikabainika kwamba mikarafuu ni ya mkubwa kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Mwenye makosa alikuwa katibu wenu na simu yake. Niliwaomba radhi mbele ya watu, na hapa nawaomba tena.

Nilipomweleza binti yetu yaliyonipata, hakucheka. Alinifundisha mambo ambayo kwao ni ya mwanzo kabisa. Alisema simu ya kawaida mahali peupe hukosea kiasi cha mita 3 hadi 5, na chini ya miti mikubwa hukosea zaidi, mara nyingine mita 10 au kupita, kwa sababu ishara za satelaiti hugonga majani na kupotea njia. Nayo mikarafuu yetu hupandwa mita chache tu baina ya mmoja na mwenziwe! Alisema tena kwamba namba za simu huandikwa kwa tarakimu nyingi baada ya nukta, na tarakimu ya sita hapo ni sawa na sentimita 11 hivi juu ya ardhi. Basi mtu huona tarakimu zote hizo akadhani kipimo ni cha hakika hadi upana wa kiganja, na kumbe chombo chenyewe kimekosea urefu wa chumba. Sheria ile ya Ulaya inataka tarakimu sita. Lakini tarakimu hazimfanyi mpimaji kuwa mkweli.

Akaniambia na jambo la tatu, ambalo lilinitia hofu kubwa zaidi. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu zetu hutumia msingi mwingine. Mtu akichukua namba za simu akaziweka juu ya ramani ya zamani bila ya kuzigeuza, kila kitu husogea karibu mita 300. Mita 300, jamaa zangu! Huko ni kutoka shamba lako hadi kijiji cha jirani. Fikirini mtu asiyejua hayo akikabidhiwa kazi ya kuandika mipaka ya eka tatu walizopewa wazee wetu baada ya Mapinduzi ya 1964.

Hizo ni nukta na mistari. Ipo kazi ngumu zaidi, nayo ndiyo hasa anayokwenda kuisomea: kusoma picha za angani. Zipo satelaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 zilizoanza kurushwa mwaka 2015, ambazo hupita juu ya kila nchi kila baada ya siku chache, na picha zake hutolewa bure kwa yeyote anayezitaka. Lakini kila kitone cha picha hizo ni mraba wa mita 10 kwa mita 10. Ndani ya kitone kimoja hapa kwetu mna nusu ya mkarafuu, kichwa cha mnazi na kipande cha mwembe. Kule Kyerwa mna mgomba, mbuni na mti wa kivuli. Mashine inaona kijani tupu. Ikiulizwa ni nini, yaweza kujibu: msitu.

Hapo ndipo penye hatari kwa mkulima. Kahawa iliyo chini ya kivuli ikihesabiwa kuwa msitu katika ramani ya mwaka 2020, kisha mkulima akapunguza miti ya kivuli au akang'oa migomba iliyonyauka, picha ya mwaka mwingine itaonesha kwamba msitu umekatwa. Mtu hakukata msitu wowote. Alifyeka kibanja cha babu yake. Na huko hifadhi nazo ziko karibu, kwani mwaka 2019 Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilifanywa hifadhi za taifa. Mwenye kibanja kilicho kando yake, nukta yake ikisogea kidogo tu kwa makosa ya simu, ataonekana analima ndani ya hifadhi. Nani atamtetea? Si kijana mwenye simu, kwa sababu yeye hajui kwamba simu hukosea. Atatetewa na mtu anayeweza kusimama mbele ya wakubwa na kusema: Ramani yenu imekosea kwa kiasi hiki, na hesabu yake ni hii.

Utafiti wa binti yetu ni kutafuta njia ya kuitenga miti ya mazao na msitu katika picha hizo, ama kwa kulinganisha picha za misimu mbalimbali, ama kwa kutumia na satelaiti za rada ambazo huona hata penye mawingu. Kazi hiyo huwezi kuifanya bila ya mifano ya kweli. Lazima uwe na mashamba mengi unayoyajua kwa yakini kwamba hapa pana kahawa na hapa hapana, ndipo uifundishe mashine na kuipima kama imejifunza. Kyerwa na Karagwe mashamba yameanza kuandikishwa. Sisi tuna kitabu cha katibu chenye mashamba ya Ethiopia.

Hilo ndilo jibu langu kwa mzee wetu. Fundi cherehani hujifunzia kitambaa kilichopo, na akishajua kukata huwashonea na watu wa nyumbani. Na nyumbani kitambaa kizuri tunacho, ila hatuna fundi. Wengi wenu mnakumbuka zile ndege ndogo zisizo na rubani zilizopita juu ya mashamba yetu kuanzia mwaka 2016. Ule ulikuwa mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba nzima, ulioendeshwa na Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, na vijana wetu wenyewe wa Kizanzibari ndio waliozirusha. Kitone cha picha zile ni sentimita chache tu, hata mkarafuu mmoja mmoja unaonekana umesimama. Picha zipo. Twaweza kuhesabu mikarafuu yetu, kujua ipi imekauka kileleni, na wapi pana uwazi wa kupanda miche. Lakini katika chama hiki chote hayupo hata mmoja awezaye kuzisoma, nami nikiwa wa kwanza.

Nimesikia na hoja nyingine, nazo nitazijibu kwa ufupi.

Wasemao kwamba karafuu haimo katika sheria ya Ulaya wamesema kweli. Haimo. Lakini faida ya kuijua hesabu ya miti yako haitegemei Ulaya. Mwaka 1872 tufani iliangusha mikarafuu mingi mno ya Unguja na Pemba ikasalimika, na tangu siku hizo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao. Mtu akituuliza leo, tufani ya namna hiyo ikitupiga sisi, tutathibitishaje kila mmoja alikuwa na miti mingapi na iko wapi, tutamwonesha nini? Kumbukumbu za wazee, na wazee wanatutoka kila mwaka.

Wasemao kwamba ramani huleta kodi, na huleta watu wa kuitamani ardhi, nao siwakebehi. Ramani ni panga. Humfyekea mwenye nalo, na hukata mkono wa asiye nalo. Ardhi yetu ni ya Serikali na miti ni yetu, na desturi hiyo ya mti kuwa na mwenyewe peke yake haioneki katika picha yoyote ya angani. Shamba moja laweza kuwa na mikarafuu ya mjomba, minazi ya wakfu na miembe ya watu wawili. Akija mgeni akichora mstari mmoja na kuandika jina moja, atakuwa amedhulumu watu wanne kwa kalamu. Hii ndiyo sababu nataka mwenye kuchora awe mtoto wetu, ajuaye kuuliza mti huu ni wa nani. Kule bara nimeona pia hatari ya ramani za wakulima kubaki mikononi mwa mnunuzi. Mkulima akitaka kumwuzia mwingine, anaambiwa aanze kupimwa upya. Yatufaa tujihadhari na hilo mapema.

Wasemao kwamba akisoma hatarudi, huenda wakawa kweli. Wenye elimu hii wanatafutwa na wizara, na makampuni, na mashirika ya nje. Vyuo vyenyewe viko kila upande: Chuo Kikuu Ardhi kipo Dar es Salaam, kituo cha ramani cha nchi za mashariki na kusini mwa Afrika kipo Nairobi tangu mwaka 1975, na ile skuli ya Uholanzi, ITC, iliyoanzishwa mwaka 1950 na sasa iko mjini Enschede, imesomesha wapimaji wa nchi nyingi. Mtu aliyefungua mlango huo aweza kuishi popote. Sipendi tumfunge binti wa watu kwa mkataba wa miaka kumi, kama kwamba tumemnunua. Mtu hurudi kwa mapenzi, na hurudi anapokuwa na kazi ya kurudia. Lakini hata asiporudi kuishi, tunaweza kuhakikisha kwamba elimu inarudi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Tusimpe milioni mbili na nusu. Tumpe milioni moja na robo, na nusu iliyobaki iezeke ule upande wa ghala unaovuja zaidi, wa kusini, kabla ya msimu. Upande wa pili tuufunike kwa maturubai mwaka huu. Si jambo zuri, lakini tumewahi kulifanya. Na hiyo nusu tumpe kwa masharti manne, nayo aandikiwe na akubali kwa hiari yake.

Sharti la kwanza, baada ya Karagwe na Kyerwa afanye sehemu ya pili ya utafiti wake hapa, kwa mikarafuu ya wanachama, na tumlipe kwa mafungu mawili: la kwanza akienda, la pili akianza kazi kisiwani.

Sharti la pili, awafundishe vijana wetu sita, watatu wanaume na watatu wanawake, kupima kwa simu inavyotakikana, na kuandika kando ya kila namba kiasi cha kosa lake. Hatuhitaji masta sita. Twahitaji mmoja anayejua kwa nini, na sita wanaojua namna gani.

Sharti la tatu, kila atakayepimwa apewe karatasi ya shamba lake kwa Kiswahili, iliyoandikwa wazi kwamba si hati ya mpaka wala hukumu ya mirathi, na daftari kubwa likae chini ya chama. Jina la mwanachama lisitolewe kwa mtu yeyote wa nje bila ya idhini yake mwenyewe.

Sharti la nne, pasichorwe mpaka wowote ila wenye pande zote mbili wawe wamesimama hapo, pamoja na mzee mmoja anayeujua. Hili nimelilipia kwa fedheha yangu, na sitaki likampate mwingine.

Nimelizungumza jambo hili na binti mwenyewe. Masharti matatu aliyakubali pale pale. Hili la vijana sita aliniuliza kwa nini wasiwe kumi. Baba yake, aliyekuwa amekaa pembeni kimya muda wote, alisema maneno machache tu: kwamba yeye hana cha kuongeza katika fedha, lakini shamba lake lipimwe la kwanza, ili kama kuna kosa lianzie kwake.

Ndugu wawili wale nilioghasi baina yao wamekwisha patana, alhamdulillahi. Juzi niliwaona wakianika pamoja jamvi moja. Yule mdogo aliniita akaniuliza, kwa mzaha lakini si mzaha wote, kama shamba lake bado liko Ethiopia. Nilimjibu kwamba limerudi, ila sijui limerudi mahali gani hasa. Ningependa siku moja niweze kumjibu vizuri zaidi ya hivyo.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri, ghalani kwetu. Njooni wote, na wanaopinga waje mbele wakae karibu, tuwasikie. Mvua ikinyesha, kaeni upande wa kaskazini.

Mimi mtumishi wenu,
Katibu